Safari ya Kumpeleka Cheche Morogoro

Kondakta alisema kuku hapandi na abiria, anakwenda kwenye buti. Nikamwambia huyu si kuku. Akainua upindo wa kanga niliyofunikia tundu, akachungulia, akakuta kindege cha kijani chenye uso wa njano na pua ya buluu kimejikunyata juu ya kijiti, macho nusu.

"Sasa huyu ndiyo nini?"

"Kasuku huyo," akadakia mzee mmoja aliyekuwa anapandisha gunia lake la nazi. "Mwanangu, watu wa maliasili wakikukuta naye huko Segera, umekwisha."

Ilikuwa alfajiri, stendi ya Kange, Tanga, na mimi nilikuwa sijafika Morogoro maishani mwangu. Mkobani nilikuwa na barua ya afisa mifugo wa kata yetu, yenye muhuri, inayosema kwamba ndege huyu ni wa kufugwa, anaumwa na anapelekwa hospitali. Kondakta aliisoma mpaka chini, akalirudia neno hospitali kwa sauti ili wenzake wacheke, halafu akanipa kiti cha dirishani. Nauli ya ndege hakudai. Alichotaka ni tundu likae mapajani kwangu, lisizibe njia.

Mzee wa nazi alikuwa na sababu ya kuogopa, ila alikosea ndege. Kasuku wadogo ambao ni wanyamapori wetu ni kama wale wa Fischer, wenye mdomo mwekundu, ambao kwao ni kaskazini mwa Tanzania, pande za Serengeti na kusini mwa Ziwa Victoria. Hao leo wamejaa kwenye vizimba vya dunia nzima. Cheche ni baji, na asili yake ni Australia, ndani kabisa katika nchi kame, ambako makundi yao huhama yakifuata mvua na mbegu za nyasi. Mwingereza John Gould aliwafikisha hai Uingereza mwaka 1840, wakazaana vizimbani, na ukoo huo wa vizimbani ndio uliofika mpaka kwa muuzaji mmoja wa Kariakoo ambako binti yangu alimnunua Cheche, akaniletea kama zawadi ya Idi, naye akaolewa akaniachia.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule na nguo za kina mama hapo Ngamiani. Tundu la Cheche linaning'inia hatua moja kutoka kwenye mashine, naye ameushika mlio wake wote: mbio za mshono mrefu, kusita kwa kona, na ule mkwaruzo mdogo wa kuinua mguu wa cherehani ninapogeuza kitambaa. Mteja akiwa barazani hudhani niko kazini, kumbe nimejilaza. Kwa hiyo Cheche akiugua hakuna haja ya kuambiwa, utasikia tu kwamba kuna kitu hakisikiki.

Ilianza msimu wa kusi. Alitutumua manyoya mpaka akawa duara, akasinzia mchana kwa miguu yote miwili, wakati ndege mzima hulala kwa mguu mmoja. Alitikisa kichwa na kutapika, matapishi yakamganda kwenye paji la uso pamoja na punje za mtama. Kinyesi kililainika, na ndani yake mlikuwa na punje nzima za uwele zilizopita bila kusagwa. La ajabu ni kwamba chakula alikuwa anakipenda. Kutwa kichwa kiko ndani ya kikopo, anamenya, maganda yanaruka, na bado ukipitisha kidole kifuani unakuta mfupa wa kidari umesimama. Baada ya siku kadhaa akajikung'uta, akaanza kushona tena kwa mdomo, tukasahau. Ikarudi. Ikaondoka. Ikarudi.

Ugonjwa wa namna hii una hila yake. Kwa kuwa unaondoka wenyewe, chochote ulichokuwa unakifanya siku ulipoondoka ndicho kinachobeba sifa. Duka moja la dawa za mifugo lilinipa unga wa njano wa kuku, antibiotiki ya kuchanganya kwenye maji. Akapona, unga ukasifiwa. Mara iliyofuata unga haukufua dafu, muuzaji akaniambia niongeze kipimo na nitie vitamini. Akapona, vitamini zikasifiwa. Jirani akaleta maji ya kitunguu saumu, nayo yakapata siku yake. Shangazi, ninayeishi naye, alilitoa tundu dirishani akalipeleka ukumbini, kwa hoja kwamba dirishani kuna wapita njia na wapita njia wana kijicho. Ndege akaamka mzima asubuhi ya pili, na tangu hapo Shangazi hakuona kilichobaki cha kutafiti.

Mteja wangu mmoja ana kijana anayesoma Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Ndiye aliyeniambia kwamba pale SUA kuna hospitali ya wanyama na maabara, na kwamba si ya ng'ombe na mbwa tu.

"Mwanangu," Shangazi akasema, "ndege mwenyewe bei yake haifiki nauli yako ya kwenda. Bado gesti. Bado kula."

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Nikamjibu kwamba unga wa kuku tulionunua mpaka sasa umeshaipita bei ya ndege, na hesabu hiyo hakuipenda.

Basi lilipita Muheza, machungwa yamerundikwa kando ya barabara, likakata mashamba ya mkonge jua likiwa bado changa. Kazi yangu njia nzima ilikuwa moja, joto. Ndege hana tezi za jasho. Joto lake la kawaida linazidi nyuzi 40, hivyo kutoka uzimani hadi hatarini si mbali, na njia yake ya kujipoza ni kuachama na kuhema. Wakati huohuo ndege mgonjwa aliyetutumuka anataka kufunikwa, asipigwe na upepo wa dirisha. Basi nikawa nafunua kanga na kufunika, nafungua kioo kidogo na kukirudisha, mpaka kijana wa kiti cha nyuma akaniuliza kwa upole kama nina tatizo na hewa. Maji sikumwekea, kwa kuwa kikopo kingemwagika kabla hatujafika Muheza. Nilimwekea vipande vya tango, akapata maji yake humo.

Segera alipanda mama mmoja anayetoka Lushoto, kapu la maparachichi mkononi, akakaa pembeni yangu. Alipomwona Cheche alimwonea huruma papo hapo. Akachagua parachichi lililoiva, akalikata kwa kisu kidogo, akapeleka kipande kwenye nyaya za tundu. "Mpe hili, laini, wala halimsumbui kumeza." Nikamshika mkono kwa haraka iliyopita adabu. Parachichi lina kemikali iitwayo pesini ambayo sisi haitudhuru, lakini kasuku mdogo inaweza kumwua kwa kuuharibu moyo.

"Makubwa! Sisi tunakuzia watoto."

Alininunia mpaka Mkata. Hapo askari wa usalama barabarani aliingia ndani kukagua mikanda, akaona kanga, akataka kuona kilichomo, akauliza kama kinaongea. Nikamwambia hapana, kinashona. Mama wa Lushoto akacheka mpaka akajifuta machozi, na nilipoteremka Msamvu nilikuwa na maparachichi mawili mkobani, ya kula mwenyewe, alisisitiza.

Chalinze palitutesa. Basi lilisimama kwa muda, injini imezimwa, wauza korosho na maji wamejaa chini ya madirisha, na hewa ndani haisogei. Cheche aliachama. Aliyaachanisha mabawa na mwili, akawa anahema mwili mzima, mkia ukipanda na kushuka kwa kila pumzi. Nilishuka naye, nikasimama kwenye kivuli cha kibanda cha chipsi, nikalowesha ncha ya kanga na kuitandaza upande mmoja wa tundu ili upepo upite kwenye unyevu. Aliyekuwa anakaanga chipsi alinisogezea kiti bila kuuliza lolote. Kondakta alipopiga ukelele wa kuondoka, Cheche alikuwa amefunga mdomo.

Baada ya Chalinze barabara inageuka kufuata magharibi, na baada ya Mikese milima ya Uluguru inasimama mbele yako, vilele vimevaa mawingu. Nilikulia penye bahari na tambarare. Sikuwa nimefikiria kwamba mji unaweza kuwa na ukuta wa kijani wa namna ile nyuma yake, na kwamba watu wake wangeupita bila hata kuinua macho. Dereva wa bajaji aliyenichukua Msamvu alishangaa nilivyokuwa nashangaa.

Chuo kiko chini ya milima hiyo. Kilianzishwa kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1984, na kikapewa jina la Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari mwezi Aprili mwaka huohuo, Dakawa, mkoa huuhuu wa Morogoro. Kama kuna mahali nchini ambapo mtu mwenye kindege cha kiganjani hachekwi, ni hapo. Ndipo panapofundishwa wale panya buku wa shirika la APOPO, wanaonusa mabomu ya ardhini na vijidudu vya kifua kikuu kwenye makohozi. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa hapo, akaenda kunusa mabomu Kambodia, na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu na shirika moja la Uingereza kwa ushujaa. Mlinzi wa getini aliliangalia tundu langu, akanielekeza kwa mkono, akarudi kwenye redio yake.

Daktari alikuwa mwanamke, kijana, na wanafunzi watatu au wanne nyuma yake. Hakumgusa Cheche kwanza. Alivuta kiti, akamwangalia kwa muda ndani ya tundu huku ananiuliza mimi. Anakula nini? Mbegu tu, au na mboga? Tundu liko karibu na jiko? Mnatumia vikaango visivyoshika chakula? Vikipata moto kupita kiasi, moshi wake unaua ndege dakika chache tu. Nyumbani kuna mtu mwenye homa na kikohozi kisichoisha? Kuna homa ya kasuku inayowapata na watu. Kuna ndege wengine? Yote nikayajibu. Ndipo akaingiza mkono.

Nilijifunza kumshika ndege siku hiyo, pamoja na kwamba nimemfuga miaka. Shingo inakaa katikati ya vidole viwili, mgongo umelala kiganjani, na kifua kinaachwa huru kabisa. Ndege hana kiwambo kinachotenga kifua na tumbo. Anavuta pumzi kwa kusogeza mifupa ya kifua, na ukiibana hiyo, hata kwa mapenzi, unamziba pumzi. Daktari alipapasa koo kutafuta rovu, kwa sababu baji wanaokula mbegu tupu wanaweza kukosa madini joto, tezi ikavimba, ikakandamiza njia ya chakula na kuwafanya watapike. Hakuna rovu. Akamtia kwenye mfuko wa karatasi, akauweka kwenye mizani: gramu 27. Baji mzima wa umbo la Cheche anatakiwa kuwa kwenye 35 hivi.

"Mama, huyu amepoteza karibu robo ya mwili wake," akasema, "na manyoya yamekuficha usione."

Akawageukia wanafunzi. Ndege huyu huko kwao ni chakula cha mwewe, akawaambia, na mwewe humchagua anayeonekana mnyonge, kwa hiyo anaugua kwa siri mpaka siri imshinde. Ukimwona ametutumuka ujue ameshaumwa kitambo. Kwa sababu hiyo mizani ya jikoni inajua zaidi ya macho ya mwenye ndege.

Kinyesi kilichukuliwa kwenye karatasi ya nailoni niliyotandika chini ya tundu, kikachanganywa na tone la maji ya chumvi, kikawekwa chini ya hadubini. Daktari alisogeza kioo huku na huku, akawapisha wanafunzi, akarudi mwenyewe. Hakuna kitu.

Nilisikia hasira, sitaficha. Njia yote ile, halafu hakuna kitu.

"Sijaona," akanisahihisha. "Sijasema hakipo. Ninachokishuku hakitoki kila siku. Lala hapa Morogoro, kesho asubuhi uje na kinyesi cha alfajiri, kibichi, kisikauke."

Mhudumu wa gesti aliniuliza kama ndege naye analipa, na alipojua ni mgonjwa akaniletea maji ya moto bila kuombwa. Usiku wa mwezi Juni chini ya Uluguru una baridi ambayo mtu wa Tanga hajui pa kuiweka. Nilijaza maji kwenye chupa, nikaizungushia kitenge, nikaibana ubavuni mwa tundu, na kila ilipopoa nikaamka kuibadilisha. Nilikula parachichi moja kwa chumvi, mbali na tundu. Nje mbwa walibweka mpaka adhana ya alfajiri.

Asubuhi hiyo daktari alitazama kwa muda mfupi sana. Akainuka, akanivuta mkono nikae pale alipokuwa amekaa.

Nilifumba jicho moja, nikaona ukungu, nikagusa kigurudumu alichonionyesha, na picha ikatulia. Vilikuwepo vitu virefu, vyembamba, vilivyonyooka, vimelala kila upande kama pini zilizomwagika kwenye meza yangu ya kukatia. Vingine viwili viwili, vingine vimepishana. Havikuwa vinatembea. Kwa muda wote ule tuliokuwa tunabishana nyumbani kuhusu kijicho na vitamini, hivyo ndivyo vilivyokuwa vinabishaniwa.

Jina la kiumbe huyo ni Macrorhabdus ornithogaster. Anaishi pale tumbo la kwanza la ndege linapoungana na firigisi, ambapo chakula kinatakiwa kusagwa, ndiyo maana punje za uwele zilikuwa zinapita nzima na ndege anakula bila kushiba. Kwa miaka mingi hata wataalamu walimchukulia kuwa bakteria, na kwa ukubwa wake wakamwita bakteria mkubwa. Mwaka 2003 ndipo vipimo vya vinasaba vilipothibitisha kuwa ni kuvu, wa jamii kubwa moja na hamira. Antibiotiki ni za bakteria, hazina la kumfanya kuvu. Unga wa njano ungeweza kumwagwa ndoo nzima.

Sikumwambia daktari kuhusu duka lile. Aliuona usoni mwangu, nadhani, kwa sababu aliniambia kuwa wenye kuku wanauzwa unga huohuo kwa kila kitu, kuanzia mafua mpaka mapenzi.

Dawa yake ni amfoterisini B, ileile inayotumika hospitali za binadamu kwa homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu. Inapatikana kwa shida, na huwa ya sindano. Waliipunguza nguvu kwa kipimo cha uzito wake, wakanipa kwenye kichupa cha kuweka kwenye barafu, matone mdomoni asubuhi na jioni kwa mwezi mzima. Na hapo daktari akasema jambo ambalo nililifikiria kuliko yote kwenye basi la kurudi: huenda asipone moja kwa moja. Kuvu anaweza kupungua mpaka asionekane, halafu ndege akipata msukosuko, joto, safari, kunyonyoka manyoya, akarudi. Asiwekwe na ndege mwingine, kwani anaambukiza kwa kinyesi. Watu hawadhuru.

"Mpime kila siku kabla hajala," akasema. "Andika. Ukiona gramu zinashuka siku tatu mfululizo nipigie, usingoje atutumuke."

Nilinunua mizani ya keki sokoni Morogoro kabla ya kupanda basi. Barafu ya dawa nilibadilishiwa Chalinze na yule kijana wa chipsi. Hakutaka fedha, alitaka tu kujua ndege ana nini. Nikamwambia ana hamira tumboni, akapiga mluzi.

Matone yalitushinda siku za mwanzo, mengi yaliishia kidevuni kwake na kwenye vidole vyangu, kisha tukazoeana. Uzito wake nauandika kwenye daftari la vipimo vya wateja. Ukurasa mmoja una kifua, kiuno, urefu wa mkono, na pembeni kwa kalamu nyekundu 28, 28, 29, 31. Mteja mmoja aliona 31 akaniuliza kwa uchungu ni kiuno cha nani. Kufikia mwisho wa mwezi Cheche alikuwa 34 na mlio wa cherehani umerudi, pamoja na mkwaruzo.

Aliponyonyoka manyoya, ikarudi. Haikunishtua. Gramu zilianza kushuka akiwa bado anaimba. Nikapiga simu Morogoro, dawa ikatumwa kwa basi ndani ya boksi la barafu, nikaanza matone. Siku ya nne mizani ilipanda kidogo. Siku ya tano Shangazi, ambaye hakuwa amesema neno muda wote huo, alilitoa tundu ukumbini akalipeleka karibu na mlango wa uani. Siku ya sita Cheche alijikung'uta, akanywa maji, akashona pindo zima bila kukata uzi.

"Si nilikwambia," Shangazi akawaambia majirani, mimi nikiwa nimekaa palepale.

Nilimletea daftari. Nikamwonyesha kwa kidole: hapa ndipo alipoanza kuongezeka, na hapa, siku iliyofuata, ndipo tundu lilipohama. Alivaa miwani, akausoma ukurasa wote, pamoja na viuno vya watu, akanirudishia.

"Hilo daftari," akasema, "ndilo linaloshinda na huyu ndege kutwa, au ni mimi?"